Giza, Taa na Mwezi: Historia ya Uvuvi wa Usiku katika Ziwa la Bukoba

Kahawa ya Bukoba imepata waandishi wake, na wafalme wa Kiziba, Kyamutwara, Ihangiro na Karagwe wamepata wapokezi wa nasaba zao kizazi baada ya kizazi. Lakini kazi ya watu wanaoshuka ziwani jua linapotua na kurejea alfajiri, kazi iliyoulisha mji huu na visiwa vya Muleba na ambayo hata leo yalisha watu walioko mbali na mipaka ya Tanzania, bado haijapata rawi wa kuikusanya na kuipanga. Sababu yake si ngumu kufahamika. Mhaya wa kale aliuhesabu utajiri wake kwa kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni lililoizunguka nyumba yake, na kwa ng'ombe waliolisha katika rweya, yaani nyika ya majani. Na katika hesabu hiyo mvuvi alikuwa mtu wa ukingoni, aliyekaribishwa alipoleta samaki na kusahauliwa alipokwenda zake. Hata leo mkazi wa Nshambya au wa kata nyingine ya mji akiulizwa habari za kwao, aghalabu ataanza na mgomba, kisha mbuni, kisha senene, na ziwa atalitaja mwisho. Makala haya yaanza pale wanapomalizia wengine.

Ziwa lenyewe, ambalo ramani huliita Viktoria, yafaa tulieleze kwa uchache. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 68,800, kina chake hakizidi sana mita 80, na uso wake umekaa kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Nusu yake hivi imo katika Tanzania, na iliyosalia imegawanyika baina ya Uganda na Kenya. Upande huu wa magharibi pwani yake ina majabali mengi yanayoshuka wima majini, na baina ya majabali hayo zimo ghuba ndogo na fukwe za mchanga ambamo wavuvi wameweka mialo yao: Nyamkazi pale pale mjini, Kemondo kusini yake, na mbele ya Muleba visiwa vya Bumbire, Kerebe, Ikuza na Goziba, ambako riziki ya watu karibu yote hutoka majini. Mbele ya mji wa Bukoba kimekaa kisiwa cha Musira, nacho ndicho alama ya kwanza mvuvi anayoitafuta kwa macho kunapopambazuka.

Msomaji aliyelelewa kando ya bahari, au kando ya mito ya Tana, Pangani na Rufiji, huenda akauliza kama katika maji mengi namna hii hamna mkunga, samaki yule mrefu mwenye umbo la nyoka, ambaye katika nchi nyingi za dunia ndiye aliyewafundisha watu kuvua usiku. Jawabu ni kwamba hayumo, na sababu yake ni njia ya maji. Mkunga wa maji baridi huzaliwa baharini, hupanda mito akiwa bado mchanga, hukaa katika mito na maziwa kwa miaka mingi, na akikomaa hurudi baharini kutaga na kufa. Wale wa mito yetu ya mashariki hutoka Bahari ya Hindi, na yasadikiwa kuwa mazalio yao yako upande wa mashariki wa kisiwa cha Bukini. Lakini maji ya ziwa letu hayaendi Bahari ya Hindi. Hutoka penye Jinja yakawa mto Naili, yakaporomoka Murchison, yakatambaa katika vinamasi vya Sudani Kusini, na ndipo yakafika Misri na Bahari ya Mediterania. Mkunga wa Ulaya, ambaye mtaalamu wa Denmark aitwaye Johannes Schmidt alitangaza mwaka 1922 kuwa huzaliwa mbali kabisa katika Bahari ya Sargasso, ndiye pekee ambaye angeweza kubisha hodi kwa mlango wa Misri. Na baina ya mlango huo na Bukoba pana maelfu ya kilomita, vinamasi, na maporomoko ambayo samaki huyo hakuyapita.

Hata hivyo nafasi ya mkunga haikukaa tupu. Katika mawe ya pwani anaishi samaki mwembamba, mwenye mwili wa nyoka na safu ya miiba mgongoni, ambaye mchana hujificha katika nyufa na usiku hutoka kuwinda. Huyu ni mdogo, na biashara yake si kubwa. Mkubwa wao ni kamongo, ambaye vitabu humwita kambare mamba: samaki wa kale mno, anayeweza kufikia urefu wa mita 2 hivi, mwenye mapafu ya kuvutia hewa kama mnyama wa nchi kavu, hata imempasa kupanda juu mara kwa mara apumue asije akafa ndani ya maji. Hupenda vinamasi vya mafunjo na maji ya kina kifupi, hula konokono na samaki wadogo, na dume lake huchimba shimo katika tope la mafunjo na kulinda humo mayai na watoto. Meno yake ni mabamba yanayovunja gamba la konokono, na mvuvi mwenye akili hatii mkono wake karibu na kinywa cha kamongo hata baada ya kumtia chomboni, kwa kuwa samaki huyu huishi muda mrefu nje ya maji na hasira yake huishi naye.

Uvuvi wa kamongo ndio uvuvi wa usiku wa zamani unaofanana zaidi na ule wa mkunga katika nchi nyingine. Katika ziwa la Lough Neagh huko Ireland ya Kaskazini, ambako wavuvi walipambana miaka mingi na wenye haki ya maji hata mwaka 1965, chini ya uongozi wa padri Oliver Kennedy, wakaunda chama chao cha ushirika na baadaye wakaishika kampuni yenyewe, mshipi mrefu wenye ndoana mamia hutandazwa kabla ya usiku na kuinuliwa karibu na mapambazuko. Mvuvi wa Kagera hakuwahi kusikia habari za ziwa hilo, lakini kazi yake ilifuata mantiki ile ile: mshipi uliofungwa ndoana nyingi, kila ndoana ina chambo chake, hushushwa jioni kando ya mafunjo, huachwa chini usiku kucha samaki anapotembea, na huinuliwa asubuhi. Katika uvuvi huo mtu hana haja ya kuona wala ya kukesha. Giza lenyewe ndilo mtumishi wake, nalo hufanya kazi wakati yeye amelala. Wala si watu wote waliomla samaki huyo. Kwa jirani zetu Waganda, ukoo wa Mamba, mmoja wa koo kubwa kabisa za Buganda, humheshimu kamongo kuwa mwiko wake, na mwana wa ukoo huo haweki nyama yake kinywani. Hivyo kamongo alipata walinzi kabla hapajakuwa na idara yoyote ya uvuvi.

Tuseme sasa habari za vyombo na za hofu, kwa kuwa katika usiku wa ziwa mambo hayo mawili hayatengani. Kabla ya misumari na injini, watu wa pwani hii na wa Buganda walisafiri kwa mitumbwi ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, kwa namna inayomkumbusha mtu wa pwani ya bahari mtepe wa Lamu. Vyombo vyepesi, vyenye mbio, lakini vyenye kuvuja, ambavyo mmoja katika mabaharia wake alikuwa na kazi ya kukumba maji tu. Wahaya walisema ya kwamba ziwa lina mwenyewe, naye ni Mugasha, mwenye mamlaka juu ya maji, pepo na dhoruba. Waganda walimjua kwa jina la Mukasa, na hekalu lake kuu lilikuwa kisiwani Bubembe katika visiwa vya Ssese. Mvuvi aliyeondoka bila kumkumbuka mwenyewe wa ziwa alihesabiwa kuwa mtu asiye na adabu, na dhoruba ikimkuta hakuna aliyeuliza kwa nini.

Wageni nao walionja usiku huo. Mwishoni mwa Aprili 1875 Henry Stanley, aliyekuwa akilizunguka ziwa kwa mashua yake Lady Alice, alifika Bumbire, na watu wa kisiwa wakaiburuta mashua nchi kavu na kuyachukua makasia yake. Yeye na watu wake waliisukuma majini kwa ghafula, wakapiga risasi, wakang'oa mbao za mashua wakazitumia kuwa makasia, na usiku ukawakuta katikati ya ziwa, hawana chakula na dhoruba juu yao. Mwezi wa Agosti alirudi na bunduki na jeshi la mitumbwi, akalipiza kisasi kwa kuwaua watu wengi wa kisiwa waliosimama ufukoni na mishale yao; tendo lililolaumiwa hata kwao Uingereza. Watu wa Bumbire waliijua pwani yao na maji yao, lakini bunduki zilikuwa za mgeni, na kalamu pia ilikuwa yake. Ndiyo sababu kisa hicho kimefika kwetu kwa maneno ya aliyewaua.

Hofu ya usiku wa ziwani si ya imani peke yake, bali ina sababu katika elimu ya hewa. Mchana jua huipasha nchi kavu moto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda barani. Usiku mambo hugeuka, bara hupoa, na upepo hushuka kutoka pande zote ukakutana juu ya ziwa, ambako hewa iliyobanwa haina njia ila kupanda na kuwa mawingu ya radi. Mawingu hayo husukumwa na pepo za mashariki kuja upande wetu, na ndiyo maana mvua ya Bukoba, inayofikia kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, hunyesha zaidi alfajiri na asubuhi. Saa ambayo mkulima wa kibanja hufurahia mlio wa matone juu ya majani ya migomba ndiyo saa ambayo mvuvi, amechoka na chombo chake kimelemewa, yumo njiani kurudi.

Mwaka 1890 Emin Pasha alifungua kituo cha Wajerumani Bukoba, na mwaka 1901 reli ya Mombasa ilifika Kisumu. La pili lilibadili uvuvi zaidi ya la kwanza. Maadamu samaki aliliwa pale pale alipovuliwa, au alibadilishwa kwa ndizi na maharage katika masoko ya karibu, hakuna aliyekuwa na haja ya kuvua kuliko tumbo la jirani zake. Lakini reli na meli za ziwani ziliyakaribisha masoko ya mbali, na mwaka 1905 nyavu za kutega zilizofumwa Ulaya kwa nyuzi za kitani zilianza kutumika katika ghuba ya Kavirondo upande wa Kenya, na kutoka huko zikaenea ziwa zima. Wavu wa namna hii nao ni chombo cha giza: hutegwa jioni, kwa kuwa samaki mchana huziona nyuzi zake na kuzikwepa, na huinuliwa asubuhi. Tofauti yake na migono na mishipi ya kale ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kubwa, kwamba haukuwa na kiasi. Mwenye fedha aliweza kuunganisha wavu kwa wavu hata ukapita upeo wa macho.

Aliyelipa deni la kwanza ni ngege, samaki mtamu aliyependwa kuliko wote. Alipungua upesi hata serikali za makoloni zikamwita Michael Graham, mtaalamu kutoka Uingereza, alichunguze ziwa. Naye alifanya kazi hiyo mwaka 1927 na 1928, na katika taarifa yake ya mwaka 1929 alishauri kwamba tundu la wavu lisipungue inchi 5, ili ngege apate kuzaa kabla ya kunaswa. Shauri likawa sheria, na mwaka 1947 pakaundwa idara ya pamoja ya nchi tatu ya kusimamia uvuvi wa ziwa. Lakini nyavu za nailoni, imara na zisizooza, zilipoingia katika miaka ya 1950, na watu wakataka matundu madogo ili wavue samaki wadogo walio wengi, amri ya inchi 5 ilifutwa Tanganyika na Uganda mwaka 1956, na Kenya ikafuata miaka michache baadaye. Ngege hakupata tena enzi yake.

Hata hapo, uvuvi wote wa usiku tuliousimulia ulikuwa uvuvi wa gizani. Hakuna aliyepeleka nuru majini kwa makusudi ya kumwita samaki. Elimu hiyo ilikuwa ya ziwa jingine. Huko Ujiji na Kigoma, katika Ziwa Tanganyika, watu walikuwa tangu zamani wakivua dagaa usiku usio na mwezi kwa kuwasha moto wa kuni na majani katika tezi au omo la mtumbwi, na dagaa walipokusanyika chini ya nuru waliwateka kwa wavu wa mkono uitwao lusenga. Na katika miaka ya 1950 moto huo ulianza kuiachia nafasi taa ya karabai, ambayo mafuta yake husukumwa kwa pampu na kutoa nuru nyeupe kali isiyozimwa na upepo mwepesi. Dagaa wa ziwa letu si ndugu wa damu wa dagaa wa Kigoma, lakini tabia zao zafanana, na katika miaka ya 1960 uvuvi wa taa ulianza kushika mizizi katika maji ya Mwanza, Ukerewe na Kagera.

Karabai ilipindua maana ya usiku. Dagaa wa ziwa letu, samaki mweupe wa fedha asiyezidi urefu wa kidole, hukaa mchana karibu na chini, na jua likitua hupanda kuwafuata wadudu wadogo wa majini ambao nao hupanda saa ile ile. Wavuvi hutoka jua likielekea kuzama, hufika mahali walipopachagua, na huzishusha taa zao, kila moja juu ya ubao wake unaoelea na kutiwa nanga kwa jiwe. Kisha husubiri. Mbu wa ziwani huja kwa mawingu wakaizunguka nuru, wengine wakaanguka majini. Dagaa huja kuwala, na maji yaliyo chini ya taa huanza kuchemka kwa wingi wao. Hapo mtumbwi huijongelea taa polepole, makasia yasipige kelele, wavu huzungushwa, duara hufungwa, na samaki huinuliwa. Kisha huendea taa ya pili, na ya tatu, hata usiku uishe au mafuta yaishe. Mtu aliye juu ya kingo za Bukoba huona taa hizo zimejipanga katika upeo wa maji, akadhani kuna mji wa pili uliojengwa mbele ya Musira, ilhali mji huo hubomolewa kila alfajiri.

Kazi ya ziwani huishia mwaloni, na hapo ndipo inapoanza kazi ya nchi kavu, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya wanawake. Dagaa hununuliwa kwa ndoo au beseni mtumbwi unapogusa mchanga, na kabla jua halijawa kali lazima wawe wamekwisha kuanikwa, ama juu ya mchanga, ama juu ya chanja za nyavu ambazo huwapa usafi na bei bora. Hapa ndipo tabia ya hewa ya Bukoba inapokuwa adui kwa mara ya pili, kwa kuwa mvua ile ile ya asubuhi inayomtisha mvuvi huwaozesha dagaa wa mwanikaji. Na katika masika mama mwenye mtaji mdogo aweza kuupoteza wote katika muda wa saa mbili. Wakisalimika wakakauka huitwa kauzu, hutiwa magunia, na husafiri mpaka soko la Kirumba Mwanza, na kutoka huko mpaka Rwanda, Kongo na kwingineko, ambako mtu asiyeijua Goziba wala Kerebe huila kazi yao pamoja na ugali wake.

Katika miaka ya 1980 lilitokea jambo ambalo lingeweza kuimaliza kazi hii. Sangara, ambaye kwao ni Naili na Ziwa Albert, na ambaye alitiwa katika ziwa letu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, alizaana ghafula na kuwala furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi ambao aina zao zilikisiwa kupita 500 na ambao sehemu kubwa yao haijaonekana tena. Viwanda vya minofu vilijengwa, Ulaya ikawa mnunuzi, na mvuvi aliyekuwa akihesabu ngege akaanza kupima sangara kwa kilo. Lakini dagaa hakuangamia. Huzaa upesi na kukomaa kabla ya mwaka kuisha, na furu waliokuwa wakishindana naye kwa chakula walipoondoka, yeye alipata nafasi. Leo, kwa uzito, yeye ndiye zaidi ya nusu ya samaki wote wanaovuliwa katika ziwa zima. Sangara ni samaki wa mizania ya biashara, na dagaa ni samaki wa sufuria ya maskini. Na samaki wa maskini ndiye aliyelibeba ziwa.

Taifa huwaona watu hawa kwa nadra. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilipotumbukia ziwani ilipokuwa ikikaribia uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43, waliofika kwanza walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao, na kijana mvuvi Majaliwa Jackson alisifiwa nchi nzima kwa kusaidia kuufungua mlango wa ndege. Watu 24 waliokoka na 19 wakafariki. Rais aliagiza kijana huyo aajiriwe katika jeshi la zimamoto na uokoaji, na hilo lilikuwa jambo la insafu. Lakini ujuzi ulioonekana asubuhi ile, wa kuyafahamu maji na kuyaendea bila kungoja amri, haukuzaliwa siku ile. Ulizaliwa katika maelfu ya usiku ambao hakuna kamera iliyoushuhudia.

Tumefika mahali pa kuuliza ni nini kilichoihifadhi kazi hii katika mabadiliko yote hayo. Kwa maoni yangu si sheria, kwa kuwa sheria zimetungwa na kufutwa. Wala si uchache wa vyombo, kwa kuwa vimeongezeka mwaka hata mwaka. Kilichoihifadhi ni mapumziko. Uvuvi wa kale ulipumzishwa na miiko, na hofu ya Mugasha, na udhaifu wa mitumbwi iliyoshonwa. Na uvuvi wa taa, ambao umeviondoa vizuizi hivyo vyote, umebakiwa na kizuizi kimoja, nacho ni mwezi. Mwezi unapopevuka nuru yake hutawanyika juu ya maji yote, taa ya mtu hupoteza nguvu ya kuita, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi hupanda nchi kavu kwa siku kadhaa, wakashona nyavu, wakaenda kuwaona watoto wao, wakalipa madeni. Kila mwezi, bila askari wala faini, ziwa hupewa likizo. Na samaki anayekomaa kwa miezi michache hupata katika likizo hiyo nafasi ya kuzaa. Mababu wa mabaharia wetu walijua kuisoma kalenda ya mwandamo kwa ajili ya sala na safari; mvuvi wa dagaa huisoma kwa ajili ya riziki, na bila kukusudia huisoma pia kwa ajili ya wajukuu wake.

Hatari ya leo ni kwamba kizuizi hicho nacho kinapungua nguvu. Taa za betri na za nuru ya jua zimeanza kuirithi karabai, na katika hilo mna faida ya hakika, kwa kuwa humwepusha mvuvi na gharama ya mafuta, moshi na moto; lakini taa iliyo rahisi ni rahisi pia kuongezwa, na mwenye taa nyingi na kali zaidi hushawishika kuvua hata siku ambazo baba yake angebaki nyumbani. Serikali nyingine zimekwisha kuona haja ya kuliamuru pumziko: Kenya imekuwa ikifunga uvuvi wa dagaa wa ziwa hili kuanzia Aprili hadi Julai, na Tanzania yenyewe ilifunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kwetu Kagera miezi mitatu bila dagaa ni mzigo mzito kwa mama wa mwaloni asiye na kibanja, na haifai kuutwika kwa haraka. Lakini siku chache za mwezi mpevu zimekwisha kuwa desturi, hazimwongezei mtu njaa mpya, na zina ushahidi wa miaka zaidi ya 60 ya kazi.

Kwa hiyo shauri la makala haya, kwa wavuvi wa Nyamkazi, Kemondo na visiwa vya Muleba, na kwa vikundi vyao vya kulinda mialo, na kwa halmashauri zinazopokea ushuru wao, ni fupi: likizo ya mwezi na iandikwe, itangazwe, na iheshimiwe na mwenye taa moja na mwenye taa 20 sawasawa, kabla taa hazijawa kali kiasi cha kuufanya mwezi usiwe na neno la kusema.